Jiko na Karakana: Tanuri la Moshi na Koili ya Pili

 

Safu hii hupokea maswali ya kila namna, na mengi huwa mepesi: wapi London panauzwa unga mzuri wa muhogo, nazi ikunwe vipi pasipo na mbuzi, kwa nini chapati za bwenini hukauka kabla hazijafika mezani. Safari hii swali limetoka kwa kamati ya karamu, nalo lina uzito. Wanauliza kama tanuri letu la kukaushia samaki kwa moshi, lile la umeme, linaweza kutiwa koili ya pili kabla ya karamu ya mwisho wa muhula. Wameomba jibu la ndiyo au hapana. Jibu letu ni ndiyo, ila koili tunayoikubali siyo waliyoipendekeza, na sababu zake zinahitaji kurasa hizi.

Kwa wasiolifahamu tanuri lenyewe: ni kabati la bati lenye kuta mbili, kimo chake kama cha mtoto wa darasa la 3. Chini kuna koili moja ya wati 800. Juu ya koili kuna kisahani cha chuma cha kutilia vipande vya mti, na juu yake rafu 4 za waya. Familia moja ya Barking ilitupa zawadi ilipohamia nyumba isiyo na ua. Tangu hapo limekuwa kama mfuko wa chama. Sahani za ugali na samaki wa moshi ndizo zinazochangia nauli ya wanafunzi wa mwaka wa 2 wanaokwenda Zanzibar kusoma lugha, na kila mwaka kuna mmoja au wawili ambao bila sahani hizo wangebaki hapa. Kwa hiyo asiyependa mambo ya nyaya asiruke safu hii.

Jumamosi moja ya Februari, nje kukiwa na nyuzi 5 za Selsiasi, kamati ilipanga rafuni vibua wabichi kilo 5. Kipimajoto kilipanda vizuri hadi 50, kikajikongoja hadi 60, kisha kikagoma kwenye 64. Saa mbili baadaye kilikuwa pale pale. Sindano ya kupimia ndani ya nyama ilisoma 41. Kamati ikawatupa samaki wote. Kuna walionung'unika, maana vibua wa soko la Billingsgate hawatolewi sadaka.

Sisi tunaona kamati ilifanya jambo la haki. Kibua ni wa ukoo mmoja na jodari, na nyama ya ukoo huo ikikaa kwenye uvuguvugu kwa muda mrefu, bakteria hutengeneza ndani yake kitu kiitwacho histamini. Histamini haiondoki kwa kupikwa tena, wala kwa ndimu, wala kwa pilipili. Mlaji huwiva uso kwa wekundu, kichwa kikamgonga, tumbo likamwendesha. Mamlaka ya viwango vya chakula ya Uingereza inataka chakula kifike nyuzi 70 katikati kwa dakika 2. Karamu yetu hulisha watu 60, wakiwamo wazee na watoto wachanga wa wanachama waliohitimu. Samaki wa nyuzi 41 hawafai kuwekwa mbele yao, hata wawe na harufu nzuri kiasi gani.

Basi kila mtu akasema: joto halitoshi, tuongeze koili.

Kabla ya kwenda mbele, neno moja kwa wanafunzi wa mwaka wa 1 waliotuuliza kwa nini hatusemi "kipasha joto". Tunasema koili kwa sababu ndivyo wasemavyo watu: koili ya jiko, koili ya pasi, koili ya hita. Nenda Kariakoo ukaombe kipasha joto, muuzaji atakuuliza unataka kupasha nini. Kwa mkondo, ukinzani na saketi hatuna ubishi na mtu. Hayo ni maneno ya vitabu vya sayansi, na istilahi za namna hiyo TUKI walizikusanya katika Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya mwaka 1990. Mkondo tunaupenda zaidi ya yote, kwa kuwa ulikuwa wa bahari kabla haujawa wa umeme, na anayejua mkondo wa bahari hahitaji kufundishwa kuuogopa.

Turudi kwenye tanuri. Kwanza tulitaka kujua kama ni bovu. Julai iliyopita, siku ya nyuzi 25, liliwahi kuwashwa tupu na kutegeshwa nyuzi 110, na mmoja wetu akakaa na saa mkononi. Koili iliwaka dakika 7 katika kila dakika 8. Wati 800 mara 7, gawa kwa 8, ni wati 700. Hizo ndizo zinazovujia kutani, mlangoni na kwenye kitundu cha moshi, wakati ndani na nje vinatofautiana kwa nyuzi 85. Ni kama wati 8.2 kwa kila nyuzi moja ya tofauti. Februari tofauti haikuwa 85 tena, bali 105, na 105 mara 8.2 ni wati 860 na kitu. Koili ina 800. Kwa maneno mengine, hata bila samaki, tanuri hili haliwezi kufika 110 wakati wa baridi.

Sasa watie samaki. Sehemu kubwa ya samaki mbichi ni maji, na kugeuza kilo 1 ya maji kuwa mvuke kunakula kilojuli 2,260 hivi. Vibua kilo 5 wakipoteza kilo 1 ya maji kwa saa mbili, ni kama wati 310 zinazoondoka na mvuke bila kupandisha joto hata nyuzi moja. Toa 310 kwenye 800, zimebaki 490. Gawa kwa 8.2, unapata nyuzi 60 juu ya baridi ya nje. Nje kulikuwa 5. Hesabu hii ya mkono inatupa 65. Kipimajoto kilisema 64.

Kwa hiyo tanuri si bovu. Lilikuwa linafanya yote linayoweza, na wanaolitukana wakome.

Pendekezo la kamati lilikuwa koili nyingine ya wati 800, ifungwe kando ya ile ya zamani, kwenye swichi ile ile. Kuna namna mbili za kuzifunga. Kwa mfululizo, mkondo hupita koili ya kwanza ndipo uingie ya pili, kama mtu apitaye sebule ili afike chumbani. Kwa sambamba, kila koili ina njia yake. Asiyejua hudhani zote mbili zinaongeza joto. Umeme wa hapa ni wa volti 230, na koili ya wati 800 ina ukinzani wa omu 66. Zifunge mbili kwa mfululizo, ukinzani unakuwa omu 132, mkondo unashuka nusu, na joto lote kwa pamoja ni wati 400. Umetoa pesa kununua koili ya pili ili upate nusu ya joto ulilokuwa nalo! Zifunge sambamba, ndipo utapata 1,600.

Basi ni sambamba. Lakini hapo mkondo unapanda kutoka ampea 3.5 hadi ampea 7, na mkondo hauanzii kwenye koili. Unaanzia kwenye soketi ya ukutani, unapita plagi, unapita fyuzi iliyo ndani ya plagi, unapita waya, unapita swichi ya joto, ndipo ufike. Kila mmoja njiani ana mzigo wake anaouweza. Waya wa tanuri letu umeandikwa ubavuni milimita za mraba 0.75, na waya wa unene huo huhesabiwa ampea 6. Fyuzi iliyomo ni ya 5.

Tunajua kitakachotokea, kwa sababu hutokea katika nyumba nyingi. Fyuzi ya 5 itavumilia kwa kitambo, kisha siku moja katikati ya kazi itakatika. Mwenye haraka atafungua droo, atakuta za 13, maana hizo ndizo zinazojaa kwenye droo za nchi hii, na atatia moja. Fyuzi ya 13 haina habari na ampea 7, itakaa kimya. Tangu siku hiyo fyuzi ya kweli ni waya wenyewe, nao ukikatika hukatika kwa moto. Swichi ya joto nayo ikilemewa, vipande vyake vya ndani vinavyogusana huweza kugandana, koili ikabaki inawaka hata joto likipita kiasi, na juu yake kuna vibua wanaodondosha mafuta. Mambo hayo mawili yakikutana siku moja, hakuna karamu, na pengine hakuna ua.

Inawezekana kubadilisha waya ukatiwa mnene wa milimita za mraba 1.25, na swichi ikatiwa kubwa, na nyaya za ndani zikatiwa zenye ganda la silikoni au faibaglasi, maana ganda la plastiki la kawaida limepimwa kwa nyuzi 70 tu na ndani ya tanuri lingeyeyuka. Fundi mzuri angeifanya kazi hiyo. Lakini ukishabadilisha waya, swichi, plagi na nyaya za ndani, umebakiza kabati la bati. Afadhali kununua tanuri jingine.

(Kando kidogo: mwanachama mmoja ametuandikia kuwa mjomba wake aliyeko Minneapolis yuko tayari kutuma koili ya kule, nzuri na rahisi. Tunamshukuru mjomba, asitume. Umeme wa Marekani majumbani ni volti 120. Koili yao ya wati 800 ina omu 18. Ukiichomeka hapa itavuta karibu ampea 13 na kutoa karibu wati 3,000, mpaka itakapoungua, na haitachelewa. Mjomba angekuwa Tanga au Mombasa mambo yangekuwa mengine, maana umeme wa huko na wa hapa unakaribiana sana.)

Tulipofika hapo tukaenda East Ham kumwona bibi mmoja mwenyeji wa Musoma, ambaye amekausha samaki kandokando ya Ziwa Victoria tangu utotoni hadi alipohamia huku kwa wanawe. Mjumbe mmoja wa kamati tulifuatana naye.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, wajukuu zangu. Haya, hao samaki wenu mliwaanika kwanza?"

"Hapana, Bibi. Walitoka sokoni wakaingia ndani."

"Basi mlikuwa mnachemsha. Hamkuwa mnakausha."

Kwa sentensi mbili alikuwa amemaliza hesabu yetu ya kilojuli. Kisha akatueleza namna walivyofanya kwao. Samaki hupasuliwa, hutiwa chumvi, huanikwa mpaka ngozi ikikauka unaweza kuigusa bila kidole kunata. Ndipo hupandishwa tanurini. Moto wa kwanza huwa mkali, kuni zikiwaka, mpaka nyama ikaze na maji yatoke. Moto wa pili ni wa kuni zilizotolewa zikabaki makaa na vigogo vibichi kidogo, ukafunikwa, ukafuka usiku kucha. "Ukichanganya," akasema, "utapata samaki mweusi nje na mbichi ndani, na mteja hatarudi."

Tumelifikiria sana jambo hilo tukiwa kwenye treni ya kurudi. Kiswahili kilikwisha kuyatenga mambo hayo mawili zamani. Moto huwaka, moto hufuka. Kutokana na kufuka tukapata kufukiza, ambako watu wa pwani hukutumia kwa udi na ubani: hufukiza nguo juu ya chetezo, hufukiza nyumba, na wako waliofukiza hata mtungi kabla ya kutia maji ya kunywa. Hakuna afukizaye kanzu kwa moto unaowaka. Pafukapo moshi pana moto, wanasema wahenga, na ni kweli, lakini hawakusema ni moto wa kiasi gani, na hapo ndipo ufundi wote ulipo.

Koili yetu moja inaambiwa iwake na ifuke kwa wakati mmoja. Siku ya joto, tanuri likitegeshwa nyuzi 80, swichi huizima koili karibu nusu ya muda. Vipande vya mti vinapoa, moshi unakatika. Siku ya baridi kinyume chake: koili haizimwi kabisa, vipande vinashika moto, moshi unatoka mzito na mchungu, na baada ya hapo hakuna moshi tena, samaki wanapashwa joto tu. Wanachama wanaokumbuka karamu ya mwaka juzi wanajua ladha tunayoisema.

Hili si wazo letu wala la London. Mwaka 2008, kituo cha mafunzo ya uvuvi cha Thiaroye, karibu na Dakar nchini Senegali, kikishirikiana na FAO, kilibuni tanuri linaloitwa leo FTT-Thiaroye. Walianzia kwenye matanuri bora yaliyokuwapo, hasa lile la Chorkor lililopewa jina la mtaa wa wavuvi jijini Accra, wakaliongezea mambo matatu: sehemu ya makaa ya kuivishia, sinia ya kukinga mafuta yasidondokee motoni, na chombo cha pembeni ambacho kazi yake ni kutengeneza moshi peke yake. Samaki huiva kwanza. Moshi huja baadaye, kutoka mahali pake.

Sababu yao haikuwa ladha pekee. Mafuta yakidondokea makaa, au mti ukiungua kwa joto kali mno, huzaliwa kemikali zinazohusishwa na saratani. Mojawapo ni benzopaireni. Umoja wa Ulaya ulishusha kiwango chake kinachoruhusiwa katika nyama ya samaki wa moshi kutoka mikrogramu 5 kwa kilo hadi 2, kuanzia Septemba 2014, na wanawake wakaushao samaki Afrika Magharibi, ambao hawajawahi kuiona Brussels, wakakuta mlango wa soko umebana kwa sababu ya namna moto wao unavyowaka. Ukipita Ridley Road pale Dalston, au Rye Lane pale Peckham, ukawaona kambale wa moshi waliokunjwa mkia mdomoni, kumbuka kuna mtu aliyewawashia moto na mwingine aliyewapima.

Sasa koili yetu. Tunaikubali ya wati 300, na kazi yake iwe kufuka. Ikae chini ya kisahani cha vipande vya mti, kisahani hicho kihamishiwe kando ili ile ya zamani isikiunguze tena. Iwe na waya wake, swichi yake, na plagi yake yenye fyuzi ya 3, maana itavuta ampea 1.3 tu. Isiguse kitu chochote cha saketi ya zamani. Koili ya zamani iendelee na kazi ya kuwaka chini ya swichi yake ya joto, kwa waya ule ule na fyuzi ile ile ya 5, kama kiwanda kilivyoitoa. Juu yake iwekwe sinia ya kukinga mafuta, na hiyo tumeiazima kwa Thiaroye bila aibu.

Msomaji atauliza: wati 300 zitasaidia nini, ikiwa tatizo lilikuwa baridi? Rudia hesabu. Jumla sasa ni wati 1,100. Toa 310 za mvuke, zimebaki 790. Gawa kwa 8.2, nyuzi 96. Ongeza 5 za nje, 101. Kutoka 65 hadi 101, na hakuna waya wa zamani uliobebeshwa mzigo mpya. Samaki wakianikwa kwanza kama Bibi alivyosema, mvuke unapungua na joto linapanda zaidi. Tukitia ukanda wa kuzuia hewa mlangoni na kulisogeza tanuri nyuma ya ukuta penye kinga ya upepo, huenda tusihitaji hata zote 300. Kwa kweli kama chama kingekuwa na pesa ya jambo moja tu, tungesema nunueni ukanda wa mlango na muanike samaki, koili isubiri. Ni kwa ajili ya moshi tunaitaka, joto ni nyongeza.

Jambo moja koili hii haitaweza. Wati 300 peke yake zinapandisha tanuri nyuzi 36 hivi juu ya joto la nje, basi anayetaka kufanya samoni wa moshi baridi, ambaye hatakiwi kupita nyuzi 30, atafute chombo kingine. Tumeulizwa hilo na mwalimu wetu mmoja, na tunasikitika kumvunja moyo. Samoni huyo ndiye mwenyeji wa mji huu, au tuseme mgeni wa siku nyingi. Ufundi wake uliletwa East End na Wayahudi waliohama kutoka Ulaya ya Mashariki. Nyumba ya H. Forman and Son ilianza 1905 na ingali inafanya kazi, sasa katika mtaa uitwao Fish Island huko Hackney Wick, ambako barabara nazo zimepewa majina ya samaki. Mwaka 2017 mtindo wao wa London Cure ulipewa hifadhi ya jina na Umoja wa Ulaya. Tunawaeleza haya wale wanaosema kukausha samaki kwa moshi ni ushamba tulioubeba kutoka kwetu.

Na wenzetu wa Lamu na Pemba, mnaotuuliza kwa nini tuhangaike hivi wakati papa ng'onda anataka chumvi na jua tu: chumvi tunayo.

Kuhusu moshi wenyewe, mji huu una kumbukumbu. Tarehe 5 hadi 9 Desemba 1952 ukungu mzito wa moshi wa makaa ya mawe uliifunika London, na waliokufa walikadiriwa wakati huo kuwa 4,000. Watafiti wa baadaye wakafika 12,000. Sheria ya hewa safi ilipitishwa 1956, na leo sehemu kubwa ya London ni eneo la kudhibiti moshi. Udhibiti huo unalenga mabomba ya moshi ya majengo, wala haukatazi chombo cha kupikia uani, lakini moshi ukiwa kero jirani ana haki ya kuita halmashauri. Moshi wa kufuka ni mwembamba, wa rangi ya samawati, hauendi mbali. Moshi wa kuwaka vibaya ndio unaoingia kwenye shuka za watu zilizoanikwa. Hata hivyo katibu atabandika tangazo kwa majirani siku mbili kabla, na sahani mbili zitapelekwa upande wa pili wa ukuta. Mwaka jana zilipelekwa, na hatukusikia neno.

Kazi ya kufunga itafanywa na fundi umeme mwenye cheti. Chuo hakiruhusu kuchomekwa kifaa kilichobadilishwa mpaka kipimwe na kubandikwa karatasi yake, na kwa hili tuko upande wa chuo kabisa. Tumemwandikia fundi mambo matatu. La kwanza, bati lote la tanuri na ganda la koili mpya viunganishwe na waya wa ardhi. La pili, pawe na kikata joto kitakachozima kila kitu tanuri likipita nyuzi 150, hata kama swichi ya kawaida imeganda. La tatu, aipime koili ya zamani kabla ya kuwasha. Limekaa stoo yenye unyevu tangu Februari, na unga mweupe uliojazwa ndani ya koili za namna hii hunyonya unyevu. Umeme huvuja kidogo kwenda kwenye ganda, na kile kifaa cha kukata umeme kinachohisi uvujaji wa miliampea 30 huangusha swichi. Ikitokea hivyo msikipite kifaa hicho kwa kutafuta soketi nyingine. Koili hukaushwa polepole mahali pakavu na kupimwa upya.

Waya wa kuongezea wa kigurudumu ufunguliwe wote mpaka mwisho, usibaki umeviringwa. Ukiviringwa hujipasha joto wenyewe, na joto tunalitaka kwenye samaki.

Jaribio tupu, bila samaki, ni Jumamosi ijayo saa 4 asubuhi uani. Tunahitaji watu wanne wa kusoma kipimajoto kwa zamu, kila mmoja na koti lake. Jaribio la samaki ni Jumamosi itakayofuata, na safari hii vibua watapasuliwa, watatiwa chumvi Ijumaa jioni na kulazwa kwenye friji bila kufunikwa, kisha wapulizwe na feni asubuhi kwa saa moja, kwa kuwa hilo ndilo jua tulilo nalo. Hakuna atakayeonja mpaka sindano isome 70 kwa samaki mnene kuliko wote, aliye rafu ya juu mbali na koili. Bibi wa East Ham ameahidi kuja, na mpwa wake atamleta.

Vipande vya mti viwe vya mwaloni au mtufaha, vikavu, visivyopakwa rangi wala gundi. Aliyetuletea miguu ya kabati la kitabu la kununua dukani aje aichukue ofisini.